Shahidi Aliye Ndani ya Mfuko wa Sampuli

Ndugu wanajiolojia, mafundi wa uchorongaji, wasaidizi wa kambini, na ninyi vijana ambao wiki hii mnafunga mizigo kwenda kwenye mradi wenu wa kwanza: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa niseme juu ya jiolojia na utafutaji wa dhahabu mahali pa mbali. Nianze na neno hilo la mwisho. Kwenye ramani, mbali huhesabiwa kwa kilomita. Kwa aliyewahi kukaa kambini, mbali maana yake ni kwamba mchana kutwa hakuna anayekuona. Unachota udongo mlimani, unaandika namba, unafunga mfuko. Tangu saa ile, hakuna mwingine duniani anayejua kwa hakika kwamba udongo ule ulitoka pale ulipoandika. Ramani zitakazochorwa, fedha zitakazoombwa, mashine zitakazopandishwa mlimani, vyote vitaegemea mfuko ule. Nitasema mengi juu ya mwamba, kwa sababu mwamba ndio ulionivuta kwenye kazi hii na bado unanivuta. Lakini mtaniona narudi kwenye mfuko kila mara.

Dhahabu imo karibu kila mahali. Chukua tani moja ya mwamba wa kawaida kabisa: ndani yake mna miligramu chache, hata tano hazifiki. Machimbo mengi ya wazi yanayoendeshwa leo yana gramu moja au mbili kwa tani. Kwa hiyo kabla mtu hajafikiria kuchimba, dunia yenyewe ilikwisha kufanya kazi ya kuikusanya dhahabu hiyo, mara mia kadhaa, pengine zaidi ya mara elfu. Ukisimama mbele ya kilima usichokijua, usiulize kama kina dhahabu. Uliza ni kitu gani kingeweza kuikusanya hapo.

Katika miamba mikongwe, ile ya miaka bilioni mbili na nusu na zaidi ambayo tunaiita mikanda ya miamba ya kijani, mkusanyaji mkuu alikuwa maji. Miamba ilipobanwa na kuzama, kilomita tano, kumi, hata kumi na tano chini, ilipata joto na kutoa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini yake. Ni maji ya nyuzi 250 hadi 400, yenye hewa ya ukaa na salfa. Dhahabu haiyeyuki kwenye maji matupu. Hushikana na salfa na kubebwa nayo, kama abiria asiye na miguu. Maji hayo hutafuta njia ya kupanda, na njia yao ni ufa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi hupotea. Kwenye ramani mtaona ufa mkubwa wa makumi ya kilomita, na mtatamani kuweka mashimo yote juu yake. Ufa mkubwa ni barabara, na mzigo haushushwi katikati ya barabara. Mara nyingi dhahabu hukaa kwenye nyufa ndogo za pembeni, kwenye kona, mahali ufa unapopinda, mahali mwamba mgumu unapokutana na mwamba laini. Huko ndiko maji yalikokwama. Yakikwama, mgandamizo hupanda, unapanda, mpaka mwamba unapasuka na ardhi inatetemeka. Mara hiyo mgandamizo unashuka ghafla, maji yanashindwa kubeba yaliyokuwa yameyabeba, na kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, inaganda pamoja na dhahabu. Ufa unazibika na kuwa mshipa. Kisha yote yanaanza upya.

Habari hiyo unaweza kuishika mkononi. Okota kipande cha mshipa wa kwatzi, kiloweshe, kigeuze juani. Jeupe tupu lisilo na alama yoyote huwa halina mengi ya kusema. Lakini ukiona mistari myembamba ya kijivu iliyokwenda sambamba na ukuta wa mshipa, kama kurasa za kitabu kilichofungwa, jua kwamba kila mstari ni kipande cha ukuta kilichomenyuka siku mwamba ulipopasuka. Ukihesabu mistari hiyo unahesabu mitetemo. Nimewahi kukaa nusu saa na jiwe la namna hiyo, na msaidizi wangu akadhani naumwa.

Mtego wa pili ni chuma. Maji yenye salfa na dhahabu yakiingia kwenye mwamba wenye chuma kingi, salfa huiacha dhahabu na kushikana na chuma. Inazaliwa pairaiti, yale madini ya njano yanayowadanganya wengi. Dhahabu iliyoachwa na mbebaji wake huanguka palepale. Ndiyo maana huko Geita, Tanzania, dhahabu nyingi imo kwenye miamba yenye matabaka ya chuma. Kwa hiyo wekeni sumaku ndogo mfukoni, iliyofungwa kwenye uzi. Ipitishe polepole juu ya tabaka la chuma: inavutwa, inavutwa, inavutwa, halafu ghafla inaning'inia kama haina habari. Pale ilipoachiwa, magnetaiti, yaani madini ya chuma yanayovuta sumaku, imekwisha kugeuzwa, mara nyingi kuwa pairaiti. Piga nyundo hapohapo na uangalie. Yako madini mengine ya salfa yenye usumaku kidogo, kwa hiyo sumaku peke yake isikutoshe, lakini itakuonyesha pa kuinamia.

Basi hiyo ni habari ya chini. Tatizo letu ni kwamba tunatembea juu, na juu mwamba umeoza. Kwenye nchi za joto, jua na mvua vya miaka mingi vimegeuza makumi ya mita za juu kuwa udongo mwekundu. Pairaiti imekuwa kutu na kuondoka, na imeacha vishimo vya pembe nne ambavyo ukiviona mara moja hutavisahau. Mahali pengine mwamba umefunikwa na mchanga ulioletwa na mto au upepo kutoka kwingine kabisa, na hapo ukichota udongo wa juu unapima kilima cha jirani.

Katika hali hiyo tunaomba msaada kwa kila kilichochimba kabla yetu. Mchwa hubeba chembe za udongo kutoka chini na kuzijengea kichuguu. Watafutaji wa Afrika na Australia wamechukua sampuli za vichuguu kwa miaka mingi, na si ushirikina. Mchwa amekuchimbia bure pale ambapo jembe lako lisingefika. Tunafuata pia aseniki, ambayo mara nyingi husafiri pamoja na dhahabu na kutapakaa eneo pana zaidi kuliko dhahabu yenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mnajua pia kwamba wingu linaweza kupita bila tone, na aseniki vilevile.

Mpangilio wa kazi mmeusoma chuoni, sitaurudia wote: mchanga wa vijito, kisha udongo kwa mistari ya gridi, kisha mitaro, kisha uchorongaji, yaani kutoboa mashimo marefu kwa mashine. Nigusie vijito tu. Dhahabu ina uzito karibu mara kumi na tisa ya maji, na kwatzi haifiki hata mara tatu, ndiyo sababu karai la kuoshea mchanga linaweza kuzitenganisha. Ukibakiwa na chembe kwenye karai, usikimbilie kupiga kelele. Toa kioo cha kukuzia uangalie umbo lake. Chembe yenye pembe na makovu, bado imeshikilia vipande vya kwatzi, haijatoka mbali. Iliyokuwa bapa na laini, kingo zimeviringika, imegongwa na mawe ya mto kwa safari ndefu. Kumbukeni jambo hili la umbo, nitalihitaji baada ya muda mfupi.

Nitawapa visa viwili. Cha kwanza ni cha Nevada, Marekani. Watafutaji wa zamani walipita vilima vile na makarai yao kwa miongo mingi, wakaona kidogo, wakaenda zao. Mwaka 1960 Ralph Roberts, mwanajiolojia wa serikali, aliandika kwamba maeneo ya madini ya sehemu ile yamejipanga kwenye mistari, yakihusiana na mahali miamba ya chini inapochungulia kupitia ile iliyosukumwa juu yake. John Livermore alikwenda kumsikiliza akizungumza kwenye mji wa Ely, kisha yeye na Alan Coope wakaingia vilimani. Walichopata mwaka 1961 kilikuja kuitwa Carlin. Dhahabu ile ni ndogo mno, imejificha ndani ya pairaiti, huioni kwa jicho, na karai halikamati. Mwamba wenyewe ukiutazama ni wa kijivu usiovutia. Ilibidi sampuli ipelekwe maabara ndipo iseme. Leo sehemu ile ni moja ya maeneo makubwa ya dhahabu duniani. Huwa nafikiri sana juu ya wale waliopita kabla. Hawakuwa wavivu. Walimwamini shahidi mmoja, karai, na kuhusu dhahabu ya namna ile karai halikuwa na la kusema.

Kisa cha pili ni kinyume chake, na kinaniuma kila ninapokisimulia. Busang iko Kalimantan, Indonesia, ndani ya msitu, mbali kwelikweli. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu huko, ikaongeza, ikaongeza tena, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1997 ikataja karibu wakia milioni 71. Watu wa kawaida waliweka akiba zao humo. Kisha kampuni nyingine, Freeport, ikaenda kuchoronga mashimo ya uhakiki karibu kabisa na yale ya mwanzo. Haikupata chochote cha maana. Mwezi Mei mwaka 1997 wakaguzi huru wa kampuni ya Strathcona walithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Chembe zilipotazamwa kwa darubini zilikuwa za mviringo, laini, dhahabu ya mtoni, ndani ya sampuli iliyodaiwa kutoka kwenye mwamba mgumu mamia ya mita chini. Umbo la chembe lilikuwa limesema wazi muda wote ule. Walikosekana wa kulisoma, au waliolisoma hawakusikilizwa.

Na kuna jambo lingine pale ambalo lingepaswa kuwashtua wote. Desturi ya kazi yetu ni kuupasua mche wa mwamba, yaani kile kipande kirefu cha mviringo kinachotolewa shimoni, katikati kwa msumeno: nusu inakwenda maabara, nusu inabaki kwenye sanduku. Busang walisaga mche karibu wote. Hakukubaki nusu ya kurudiwa. Kwa lugha nyingine, hakukubaki shahidi. Baada ya hapo, mwaka 2001, Kanada iliweka kanuni inayodai kwamba taarifa ya madini isimamiwe na mtaalamu anayetajwa kwa jina na anayewajibika kwa anachokiandika. Ni kanuni nzuri na mtaifuata au mtafuata inayofanana nayo. Lakini kanuni haiwezi kukaa na wewe mlimani saa kumi jioni, mvua inanyesha, na mifuko arobaini bado haijaandikwa namba.

Nataka niseme na langu. Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa tunachukua vumbi na vipande vya mwamba kutoka kwenye mashine, tunavigawa, tunavifunga. Kwa kila mifuko ishirini tulichomeka mmoja wa mwamba tunaoujua kwamba hauna dhahabu, bila maabara kuambiwa. Majibu yaliporudi kambini tulifurahi, kwa sababu mita nyingi za shimo zilionyesha dhahabu kidogo. Kiongozi wangu hakutazama mita hizo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mifuko mitupu, na mitupu nayo ilikuwa na dhahabu. Akazima redio, akaniambia nimwonyeshe mikono yangu. Nilikuwa na pete. Pete ya dhahabu, laini, na siku nzima nilikuwa nazamisha mkono kwenye vipande vya kwatzi vyenye makali kama kioo. Ukiitazama vizuri ilikuwa imechakaa upande mmoja.

Sampuli 214 zilifutwa. Tulirudia kugawa upya kutoka kwenye mabaki, kazi ya wiki mbili, na zile mita zilizotufurahisha zikawa hazina kitu. Kiongozi wangu hakupaza sauti hata kidogo. Alichukua kipande cha bati, akaandika kwa rangi nyekundu kwamba asiingie mtu na pete, mkufu wala saa, akakitundika kwenye mlango wa banda la sampuli. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Sikuwa na nia mbaya yoyote, na majibu yangu yalikuwa ya uongo sawasawa na ya mwenye nia mbaya. Tangu siku ile, nikipokea karatasi ya maabara, macho yangu huenda kwanza kwenye mifuko mitupu.

Sasa uchorongaji, maana wengi wenu ndiko mnakokwenda. Mche ukitoka kwenye bomba, fundi hugonga kwa nyundo ya mpira na mwamba unateleza nje ukiwa umelowa, una mng'ao. Uandike habari zake wakati huo. Ukikauka rangi zinafifia na mistari ile ya kijivu inapotea. Upange kwenye sanduku kama unavyosoma, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na kila fundi anapokuambia kina, weka kibao chenye namba palepale. Pale ambapo mwamba umevunjika na kipande kimepotea, andika kwamba kimepotea. Usisogeze vipande ili sanduku lipendeze. Kwenye upasuaji wa msumeno, chora mstari mmoja na upeleke maabara upande uleule siku zote, hata kama upande wa pili una chembe inayometa ambayo roho yako inaitaka.

Na hesabu ya unene. Mshipa wenye unene wa mita tatu, shimo likiukata kwa pembe iliyolala sana, utaonekana mita kumi au ishirini kwenye daftari. Urefu ule si uongo, shimo lilipita kweli ndani ya mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, kwa mita zile. Lakini ukiutangaza bila kutaja unene wa kweli, umemdanganya asiyejua kuuliza. Nimewaona watu waungwana wakifanya hivyo na kulala usingizi.

Maabara nayo ina mipaka yake. Wanachukua gramu 30 au 50 za unga, wanaziyeyusha na risasi, ile metali nzito laini, kwenye tanuri, risasi inaikusanya dhahabu na fedha, kisha risasi hiyo inafyonzwa na kikombe cha majivu ya mifupa au cha magnesia mpaka inabaki punje ndogo kama kichwa cha sindano. Ni ufundi wa karne nyingi na bado ndio tunaoutegemea. Lakini gramu 50 ni kijiko, na mfuko wako ulikuwa kilo mbili au tatu. Dhahabu ikiwa ya chembe kubwa, kijiko kimoja kitaikuta chembe na kingine kitaikosa, na mita ileile itatoa gramu 1 leo na gramu 15 kesho. Hapo usichague jibu lililo zuri. Omba sampuli kubwa zaidi, ichekechwe, chembe kubwa zipimwe peke yake. Rudia mpaka ujue unachokijua.

Miradi mingi haifiki kuwa mgodi. Nawaambia mapema ili siku ikifika msione ni aibu. Mmoja wa miradi yangu tuliufunga baada ya mashimo tisa. Mawili yalikuwa na kitu, saba hayakuwa na kitu. Mzee mwenye shamba ambamo tulichimba mitaro alikuja kambini kuuliza majibu, nami niliona ni haki yake kuyasikia kwangu kabla hajayasikia kwa wapita njia. Nilimwonyesha nusu ya mche, nikamwonyesha mshipa, upana wa vidole vitatu.

"Kwa hiyo ipo?" akauliza.

"Ipo, mzee. Ila haitoshi."

Akapitisha kidole juu ya mshipa. "Basi nifukieni mashimo yangu kabla ya mvua, ng'ombe wasivunjike miguu."

Tulifukia mitaro yote, udongo wa chini ukitangulia na wa juu ukirudi juu, ili shamba lipate kuota. Masanduku tuliyapeleka kwenye ghala lenye paa. Kwenye kila moja tulipigilia kibati cha alumini chenye namba iliyogongwa kwa msumari, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwa jua.

Miaka kumi na moja baadaye alinipigia simu kijana mmoja nisiyemfahamu. Kampuni yake ilikuwa imechukua leseni ya eneo lile, naye alikuwa ghalani, amefungua masanduku ya shimo la sita. "Samahani, mzee wangu," akasema, "mita 118 hadi 124 hapa imebaki robo ya mche badala ya nusu. Kulikuwa na nini?"

Nilimwomba asubiri kidogo. Daftari lilikuwa kwenye rafu. Nikapata ukurasa: sampuli ya marudio, robo, tarehe, namba za mifuko sita, na jina la aliyeshika msumeno. Nikamsomea.